Bwana Yotamu Hayupo

Kitu cha kwanza alichokigundua Tupokigwe kwenye simu kilikuwa kikohozi. Ndani ya mkonga, nyuma ya sauti kavu ya opereta, mbali kama ng'ambo ya bonde, mtu alikohoa mara moja, kisha akanyamaza. Tupokigwe alikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha baba yake. Hakumwambia mtu yeyote.

Kila Jumamosi, baada ya kuteka maji na kufua sare ya shule, alikwenda dukani kwa Bi Rukia pale Ilomba, mjini Mbeya, akaketi juu ya gunia la chumvi na kusubiri. Simu ya Bi Rukia ndiyo iliyokuwa pekee mtaani. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, nadhifu kama mkate wa wageni.

"Katibu wa simu kafika!" alisema Lusia, waliyesoma naye darasa moja, kila alipomkuta pale. "Leo unaongea na Zambia nzima?"

Tupokigwe aliinama tu. Alikuwa mtoto wa maneno machache. Hata mwalimu alipomwuliza swali analolijua, jibu lilimfika kooni likakaa.

Baba yake, Isakwisa, alikuwa fundi wa magari. Tangu mwaka uliopita alifanya kazi Ndola, huko Zambia, katika yadi ya kampuni moja ya malori. Simu kutoka nchi ya nje ilikuwa ghali, na dakika tatu zilitosha kumaliza posho ya wiki. Kwa hiyo kabla hajaondoka alibuni njia yake. Mtu akipiga simu ya mbali aliweza kumtajia opereta jina la anayemtaka. Mtu huyo akikosekana, mpigaji halipi. Basi kila Jumamosi baba alipiga simu dukani akamwulizia Bwana Yotamu.

Yotamu alikuwa babu yake Tupokigwe, na alikwisha kufa. Baba alichagua jina hilo ili asije akatokea mtu akasema, "Ndiye mimi."

Nyumbani kukiwa kwema, jibu lilikuwa, "Bwana Yotamu hayupo." Kukiwa na shida, jibu lilikuwa, "Bwana Yotamu amesafiri." Opereta aliyarudia maneno hayo kwa baba, simu ikakatwa, na hakuna aliyelipa.

Kazi hiyo alipewa Tupokigwe, si mama. Kwa Wanyakyusa, mke halitaji jina la baba mkwe wake. Hamtazami usoni, wala hamwiti, na hata mkwe akishazikwa jina lake linabaki kuwa zito mdomoni mwa mkaza mwana. Mama aliishika mila hiyo sawasawa. Akitaka kumtaja marehemu alisema "yule mzee."

Mwezi wa saba, baridi ilipokuwa kali, Yohane, mdogo wake Tupokigwe, alianguka akicheza mpira. Mguu ukavimba juu ya goti. Mama akaukanda kwa maji ya moto, kisha kwa majani. Homa ikapanda, naye akampeleka hospitali. Huko alikuwapo daktari wa mifupa aliyekuja kutoka Iringa kwa siku chache tu. Akasema usaha umeingia kwenye mfupa. Jumanne lazima mtoto apasuliwe, maana Jumatano yeye anarudi Iringa, na mguu ule ukiachwa huenda ukakatwa.

"Apasuliwe baba yake hajui?" mama aliuliza.

"Mama, mguu haumsubiri baba."

"Huyu ni mtoto wa ukoo. Kikimpata kitu kwenye kisu, nitasema nini kwao? Baba yake akikubali, nami nimekubali."

Daktari akatikisa kichwa, akaenda kitanda kingine.

Jumamosi ilipofika, mama alijifunga kanga. "Leo nakwenda mwenyewe," alisema. "Neno hili ni zito kwa mtoto. Wewe kaa na mdogo wako, umpepee."

Tupokigwe alitaka kuuliza, "Mama, jina utalitajaje?" Swali lilimfika kooni likakaa. Mama akatoka.

Alirudi jioni, akaketi pembeni ya kitanda, akamfunika Yohane shuka. Asubuhi yake Bi Rukia alikuja na chupa ya uji, akiwa amefura kwa hasira. Yeye ndiye aliyeyasema yote.

"Mama yako kashika simu. Opereta anauliza, 'Bwana Yotamu yupo?' Anajibu, 'Amesafiri.' Opereta anasema, 'Nani amesafiri? Taja jina, mama, laini ni mbaya.' Kimya! Nikadhani simu imekufa. 'Mama, Yotamu yupo au hayupo?' Naye akasema nini? 'Hayupo!' Mara amesafiri, mara hayupo!"

"Si kweli hayupo?" mama alisema kwa sauti ndogo. "Yule mzee hayupo. Nilibanwa. Nilisema lililokuwa kweli."

Tupokigwe akaelewa. Baba alikuwa ameambiwa kwamba nyumbani ni kwema. Na wiki iliyopita dereva mmoja wa malori alikuwa ameleta habari kwamba Jumatatu baba anahamishiwa Solwezi kwa miezi kadhaa, mahali ambapo hata simu ya kuazima hakuna.

"Sasa nielezeni," alisema Bi Rukia na kushika kiuno. "Huyu Yotamu ni nani?"

Mama akatazama dirishani. Ikabidi Tupokigwe ajibu. "Ni babu. Alikwisha kufa."

"Laa ilaha! Mwaka mzima mnamwita marehemu dukani kwangu! Nami namfungia mlango jioni, kumbe yumo!"

Yohane, pamoja na homa yake, alicheka. Mama naye alijifunika mdomo kwa kanga. Kisha akaanza kulia.

Bi Rukia akaacha maneno. Akammiminia uji. "Mama Tupo, nyamaza. Baba huyo bado yupo Ndola leo. Tutampataje?"

"Nambari ya yadi ninayo," alisema Tupokigwe.

Wote wawili walimgeukia.

"Malori ya kampuni yao yanapita barabara kuu kila siku. Imeandikwa mlangoni. Nimeishika kichwani."

"Na muda wote huo umekaa nayo?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Jumapili yadi ilikuwa imefungwa, lakini Jumatatu, duka lilipofunguliwa tu, walikuwa pale. Mama alikuwa amemwuza jogoo wake mwekundu ili simu ilipiwe kwa haki. Kisha akarudi hospitali kwa Yohane, maana hata jina la mumewe kwa ukamilifu, Isakwisa Yotamu, asingeweza kulitamka kwa opereta.

"Mimi ningekusaidia," Bi Rukia alimwambia Tupokigwe, "lakini mie dakika tatu nazimaliza kwenye salamu. Sema wewe. Salamu acha. Mvua acha. Kuku acha. Una mambo gani?"

"Yohane anaumwa mguu. Daktari anataka kumpasua kesho. Mama anangoja baba akubali."

"Hayo hayo. Rudia."

Alirudia mpaka mate yakamkauka. Simu ikaombwa, wakangoja. Ilipolia, Bi Rukia alimtia mkonga mkononi. Upande wa pili kulikuwa na kelele za injini, kisha sauti ya mtu anayehema kama aliyetoka mbio.

"Haloo? Nani?"

Jibu lilimfika kooni. Tupokigwe aliuona mkono wa saa ya ukutani unatembea. Akafumba macho.

"Ni mimi, baba. Yohane anaumwa mguu, usaha umeingia kwenye mfupa. Daktari anataka kumpasua kesho. Mama anangoja ukubali."

"Juzi mmeniambia hayupo!"

"Alishika simu mama. Opereta alimtaka alitaje jina."

Injini ziliendelea kunguruma huko Ndola.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Nilichagua lile jina bila kumfikiria mama yako. Sikiliza, Tupo. Mwambie daktari ampasue. Nimekubali. Mimi lori la Solwezi sipandi, napanda la Mbeya."

"Ndaga, baba. Asante."

Tupokigwe alikimbia mpaka hospitali. Mama alisikiliza, akainuka, akaenda mwenyewe kumtafuta daktari. Yohane alipasuliwa Jumanne asubuhi. Usaha ukatolewa, mguu ukabaki mguu. Baba alifika akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, akamkuta mwanawe anadai chungwa.

Kabla ya kurudi kazini, baba alikwenda na Tupokigwe dukani kumshukuru Bi Rukia. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Umekuja na marehemu au umemwacha Ndola?"

Baba alicheka, lakini kwa aibu. "Nilikuwa nabana matumizi tu, mama."

"Rahisi huvunja upishi," alisema Bi Rukia. "Kubana ni kitu chema, hata mimi nabana. Lakini ulibana ukweli, ukaacha hila ikusemee. Hila haijui mila za mkeo, wala haijui mtoto yupi anaumwa. Ukitaka simu iwe rahisi, punguza maneno, usipunguze kweli. Piga mara moja kwa mwezi, ulipe, useme. Wiki nyingine madereva wapo, wape salamu walete. Na wewe, binti!" Alimgeukia Tupokigwe. "Jambo ukilijua lisemwe. Ungemwuliza mama yako Jumamosi jina lile atalitajaje, jogoo angekuwa bado anawika."

"Nimesikia, Bi Rukia," alisema Tupokigwe.

Baba naye akaitikia. Ndivyo walivyofanya tangu siku hiyo, na jina la babu likaachwa lipumzike.

Walirudi nyumbani kwa njia ya mfereji. Upepo ulikuwa wa baridi. Baba akakohoa, mara moja tu, kisha akanyamaza.

"Baba," alisema Tupokigwe.

"Naam."

"Nilikuwa nakusikia. Kwenye simu, kila Jumamosi. Ulikuwa unakohoa."

Baba alisimama.

"Kwa hiyo nilikuwa nasema polepole," alisema Tupokigwe. "Bwana. Yotamu. Hayupo. Ili usikate upesi."