Kornelius Hakuwepo

— Mama Rempel, naomba uniambie ukweli. Nimekosa nini?

Ilikuwa sauti ya Kendall Voth kwenye simu. Nilikuwa jikoni, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

— Hujakosa kitu, baba.

— Basi kwa nini Neta ameniandikia nisimtafute tena? Wiki iliyopita tulikuwa tunacheka. Leo hata simu hapokei.

Kwenye sufuria maji yalikuwa yanachemka. Nikasema neno la kwanza lililonijia mdomoni.

— Neta ana mchumba.

— Mchumba? Wa wapi?

— Mexico. Kule koloni tulikotoka. Anaitwa Kornelius. Wazazi tulishakubaliana siku nyingi.

— Na Neta anampenda?

— Atampenda.

Nikasikia anavuta pumzi. Alikuwa shambani, maana upepo ulikuwa unapiga kwenye simu.

— Sawa, mama. Asante kwa kuniambia.

Alinishukuru. Mtoto wa watu nimemchoma kisu, ananishukuru.

Hakukuwa na mchumba Mexico. Kornelius lilikuwa jina la farasi wa marehemu baba yangu.

Wazazi wenzangu, hasa nyinyi mnaosomeshewa watoto na wema wa watu, someni haya mpaka mwisho. Mimi shule yangu ni darasa la sita la kule koloni, makazi ya watu wa kanisa letu, Biblia na hesabu basi. Siandiki vizuri. Lakini yaliyonipata sitaki yampate mwingine.

Neta ni mtoto wetu wa pekee. Alipomaliza shule hapa Kansas alitaka uuguzi, na Chuo cha Betania kilimchukua. Baba yake, Abram, analisha ng'ombe wa watu. Ada ile tungeipata wapi? Ndipo ikaja barua kwamba amepewa Ufadhili wa Kumbukumbu ya Joleen Voth. Joleen alikuwa binti wa wenye mashamba ya ngano jirani na chuo. Alikuwa anasomea uuguzi hapohapo Betania, gari likateleza kwenye barafu, akafa na miaka kumi na tisa. Wazazi wake wakaweka ufadhili kwa jina lake, kwa msichana mmoja anayesomea kazi ileile.

Sharti lilikuwa moja tu. Kila mwaka mwezi wa tisa, Neta aiandikie familia barua ya shukrani, na kila mwezi wa nne aende kwenye chakula cha mchana chuoni, akae nao meza moja.

— Andika asante mara tatu, nilimwambia mwaka ule wa kwanza.

— Mama, mara moja inatosha. Wataniona mnafiki.

— Andika tatu! Hawa ndio wanaokulisha.

Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa. Nilijiambia, mtu unayemwandikia asante kila mwaka, si ndiye mwenye mkono kwenye bomba? Akikasirika si anafunga?

Chakula cha kwanza nilikwenda naye. Picha ya Joleen ilikuwa mezani na maua meupe. Mama yake, Bi Lavonne, mwanamke mrefu, mpole, alinishika mkono hakuuachia. Pembeni yake kijana wake, kaka wa marehemu, mabega kama mlango. Ndiye Kendall. Neta aliposimama kusoma barua yake karatasi ilitetemeka. Alipokaa, yule kijana akamwinamia.

— Hivi ni kweli uliandika unaogopa sindano?

— Naogopa kuchomwa. Kuchoma sijambo.

Meza nzima ikacheka. Bi Lavonne alicheka mpaka akafuta machozi.

— Joleen alikuwa hivyohivyo, alisema.

Wiki ile ile meseji zikaanza. Neta hakunificha, alinisomea.

"Nesi, nimejikata na waya wa ng'ombe. Nife au nije?"

"Osha na sabuni. Ukifa nitafute nani wa kumchoma sindano?"

Mwaka ukapita hivyo. Kendall akaanza kuendesha saa tatu nzima kuja kwetu Jumapili. Viti vyetu ni vitatu, hatujawahi kuhitaji cha nne, basi Abram alikwenda ghalani akatoa kiti cha zamani, akakigongea mguu. Nilipika verenika, vile vidonge vya unga vya kuchemsha vyenye jibini ndani, na mchuzi mweupe. Kijana alikula kumi na mbili.

— Huyu anakula kama kombaini inayovuna ngano, Abram akasema.

— Mzee, kombaini hupumzika. Mama, zimebaki?

Neta alikuwa anamwangalia. Jamani, mama anajua. Mtoto wangu alikuwa anawaka kama taa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka wake wa tatu, Bi Lavonne alinipigia simu.

— Mama Rempel, sijui nianzie wapi. Ni kuhusu watoto.

— Nakusikiliza, Bi Lavonne.

— Neta ni binti mzuri. Lakini kila nikimwona na Kendall nawaza, ile nafasi ni ya Joleen. Moyo unanikataa. Na watu kanisani wameanza, eti tumetoa ufadhili kumtafutia kijana mke. Naomba uongee na binti yako.

— Nitaongea naye.

— Usinichukie.

— Sikuchukii, dada.

Hayo ndiyo aliyosema, hakuongeza. Ufadhili wa Neta hakuutishia hata kwa neno moja. Kutisha nilimalizia mimi mwenyewe, pale pale nimesimama na simu. Nilimwona mtoto wangu na mabegi yake mlangoni. Nilimwona kwenye kiwanda cha nyama na visu, kama dada zangu.

Ijumaa Neta alikuja nyumbani. Nikafunga mlango wa chumba chake.

— Achana na Kendall.

Alicheka, akadhani natania.

— Mama yake hataki, Neta. Amenipigia.

— Basi nitakwenda kuongea naye. Bi Lavonne ananipenda.

— Hutakwenda! Ukimuudhi unajua itakuwaje? Umebakiza mwaka na nusu. Atakata, utarudi hapa, utavaa buti za mpira ukate nyama mpaka vidole vipinde.

— Kendall hawezi kukubali wakate.

— Kendall si mwenye ufadhili. Wenye ufadhili ni wazazi wake.

— Basi nimwambie sababu.

— Ukimwambia atagombana na mama yake, na lawama itatuangukia nani? Wamemzika mtoto mmoja, unataka uwagombanishe na huyu aliyebaki? Hiyo ndiyo shukrani?

Neno lile ndilo lililomvunja. Nilimlea hivyo mwenyewe, asante kabla ya chakula, asante baada ya chakula. Alikaa kitandani, akaandika huku machozi yanadondoka kwenye kioo cha simu.

"Kendall, usinitafute tena. Mimi na wewe haiwezekani. Nisamehe."

— Umefurahi? aliniuliza.

— Siku moja utanishukuru.

Jumatatu yake Kendall akanipigia mimi, yakawa ya Kornelius. Yale sikumwambia mtu, hata Abram.

Tangu hapo Neta akawa mtu wa kusoma tu. Akija nyumbani anaosha vyombo, anasema asante mama, analala. Mwezi wa nne ule hakuenda kwenye chakula, alikuwa kwenye mazoezi hospitalini. Mwezi wa kumi mtu mmoja wa kanisa akatuletea habari kwamba Kendall Voth ameoa, msichana wa Nebraska. Neta alikuwa anakunja shuka. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

— Mungu awabariki, alisema.

Nikajiambia, afadhali. Imeisha.

Haikuisha. Mwezi wa nne wa mwaka wake wa mwisho tulikwenda kwenye chakula chake cha mwisho, mimi na yeye. Picha ileile, maua yaleyale. Kendall alikuwepo na mkewe, Jolinda, tumbo limeshaonekana. Neta alimpa mkono kila mtu. Alisoma barua yake, safari hii karatasi haikutetemeka. Tukaanza kula, Bi Lavonne akanigeukia kwa upole.

— Nilitegemea mngekuja na mkwe wenu. Au bado yuko Mexico?

Kijiko changu kikagonga sahani.

— Mkwe gani? Neta akauliza.

— Yule mchumba wako. Kornelius, sivyo?

Neta akanitazama. Akamtazama Bi Lavonne. Akanitazama tena.

— Mama. Kornelius si farasi wa babu?

Hakuna aliyecheka. Kendall aliweka uma wake chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

— Mama Rempel, uliniambia wazazi mlikubaliana.

— Baba, nilikuwa naogopa...

— Ulikuwa unaogopa nini? Bi Lavonne akauliza. — Mimi?

— Ulisema moyo unakukataa. Nikajua ukikasirika mtakata ufadhili, mtoto atarudi nyumbani.

Bi Lavonne akafunika mdomo. Kando yetu alikaa Bi Darlene wa ofisi ya wafadhili, mwanamke mchangamfu wa kuongea na kila meza. Alidhani anasaidia.

— Mama, zile fedha zilitolewa mara moja tu, miaka kumi na moja iliyopita. Ni za chuo. Familia haiwezi kuzigusa. Ungeweza kumpiga Bi Lavonne kofi hapa mbele ya mchungaji, na binti yako angemaliza shule yake.

— Lakini barua, nikasema. — Barua za asante kila mwaka...

— Barua ni kuwafariji tu, mama. Wapate kusoma kwamba kuna msichana anaendelea.

Kumfariji mama aliyefiwa. Kazi ya barua ilikuwa hiyo tu, miaka minne yote.

Bi Lavonne alikuwa analia.

— Mwezi ule ule nilijuta, alisema. — Nilimwambia Kendall, mlete Neta nyumbani, nilisema ujinga. Akaniambia, umechelewa mama, ana mchumba. Ningekupigia tena simu! Kwa nini sikukupigia?

Neta alisimama. Akatoka nje. Kendall akamwangalia mkewe. Jolinda, namheshimu mpaka kesho yule binti, alisema kwa sauti ndogo:

— Nenda. Mnadaiana neno moja. Mimi nipo hapa.

Niliwafuata mpaka mlangoni. Walisimama kwenye maegesho, hatua mbili kati yao, upepo unapeperusha nywele za Neta.

— Ungenifuata, Neta alisema. — Ungekuja chuoni, unigongee mlango.

— Niliambiwa wewe ni wa mtu. Nilingoja mpaka mavuno. Kila gari likipita barabarani nasimamisha trekta.

— Mimi niliambiwa ukijua utagombana na mama yako.

— Ningegombana naye siku mbili. Tungekula verenika siku ya tatu.

Neta alicheka na kulia pamoja.

— Anakupenda? Jolinda?

— Sana.

— Na wewe?

— Ni mke wangu, Neta. Ndiyo.

— Basi rudi ndani, chakula chake kinapoa.

Neta hakumgusa. Alimpisha njia tu, kama unavyompisha mtu kanisani.

Saa tatu za kurudi nyumbani Neta ndiye aliyeendesha gari. Karibu na kwetu nikashindwa kujizuia.

— Mwanangu, nilifanya kwa ajili yako.

— Najua. Hilo ndilo baya. Ungekuwa mbaya ningekuchukia tukamaliza.

— Nifanye nini?

— Miaka minne mmeniandikisha barua za asante, mama. Sasa na wewe andika. Andika ulichofanya, vilevile kilivyokuwa. Usiweke asante hata moja.

Alihitimu mwezi wa tano. Akapata kazi hospitali ya mbali, akahama na mabegi mawili. Nilimpigia, akajibu kwa adabu: umekula, baba hajambo, usiku mwema. Adabu ile ilinikata kuliko matusi.

Kuandika kulinichukua mpaka mwezi wa nane. Kila nikiandika, nilijikuta najitetea, nachana karatasi. Mwisho niliandika kama hivi mnavyosoma, nikaweka na la farasi, nikatia kwenye bahasha, nikamtumia Neta. Baadaye Neta ndiye aliyesema niwape na wengine wasome, labda kuna mtoto ataokoka.

Kwa hiyo nawaomba, mama zangu. Mkiwa na hofu, ulizeni. Pigeni simu ofisini, mwone aibu ya kutojua kwa dakika tano. Mimi niliikwepa aibu ile, nikauza furaha ya mwanangu kununua kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa anakichukua.

Siku ya tisa baada ya kutuma barua, simu yangu ililia jikoni. Meseji.

"Nimeisoma yote. Jumapili nitakuja. Sijakusamehe bado mama, nakuja kula tu. Usipike verenika."

Nikaandika asante. Nikaifuta. Nikaandika, "Sawa, mwanangu."

Jumapili asubuhi nilimkuta Abram amebeba kile kiti cha nne, cha Kendall, anakirudisha ghalani kabla Neta hajafika. Tulipitana mlangoni. Nilimshikia mlango, akapita nacho.