Mtoki Usiouma

Siku mume wangu alipolazwa hospitali, karakana yetu ilibaki wazi hadi jioni, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuifunga. Juu ya meza ya kazi palikuwa na mlango wa kabati uliopigwa msasa upande mmoja. Hakurudi kuumaliza.

Ndugu zangu, nawasimulia tulivyofika hapo, maana nyumba kama yetu ni nyingi.

Alikuwa seremala. Watu walimwita Taratibu, kwa sababu alipima ubao mara tatu kabla ya kuukata. Jioni moja alikuwa akinawa mikono uani, binti yetu akimmwagia maji, wote wawili wakiimba ovyo. Alipoinua mkono nikaona uvimbe kwapani, kama gololi.

"Ni mtoki tu," akasema. "Umesahau kidole nilichojikata?"

Nikakitazama kidole. Kweli kilikuwa na kidonda. Nani asiyejua mtoki? Mguu ukiumia, kinena huvimba. Kidonda kikipona, nao hunywea.

Lakini seremala hakosi kidonda. Kidole kilipopona, kibanzi kikamchoma kiganjani. Kibanzi kilipotoka, patasi ikamteleza. Kila uvimbe ulipotutisha, tuliisaka sababu mikononi mwake, na kila mara tuliipata. Nakiri, mimi ndiye niliyekuwa mwepesi wa kuiona. Binti yetu aliuliza mbona mtoki wa baba hauumi, wakati wake yeye ulimliza. Baba yake akamtania kwamba wa kwake umelelewa vizuri, hauna makelele. Nilicheka nao, moyo ukinidunda.

Miezi minne ikapita. Gololi ikawa yai. Shuka zikawa zinalowa jasho, suruali zikampwaya. Nilipomwomba twende hospitali, alisema akimaliza kabati la mteja. Sikurudia kumwomba. Niliogopa majibu kuliko ugonjwa.

Mwishowe tulikwenda. Daktari alikata kinyama kidogo cha uvimbe kikapimwa, na majibu yalipotoka akatukalisha. Alieleza kwamba mwili una askari wake, na wachache hukaa tayari siku zote. Vijidudu vikiingia, askari huzaliana haraka; ndiyo maana mwili huvimba mahali hapo, hupata joto na kuuma. Vita vikiisha, wengi wao hufa na uvimbe hushuka.

"Kumbe vita vyangu ni vikubwa," mume wangu akasema.

"Baba, hakuna vita," daktari akamjibu. "Askari wenyewe ndio wanaozaliana, na hakuna aliyewaita. Hii ni saratani ya tezi hizo zinazovimba mtoki."

"Basi wastaafishwe, daktari."

Hakuna aliyecheka. Daktari alisema dawa zipo, na wengi hupona wakiwahi. Alilazwa siku hiyo hiyo. Wiki ya sita tukamzika.

Mafunzo

Uvimbe wenye sababu hushuka pamoja na sababu yake. Usioshuka kwa wiki mbili au tatu upelekeni hospitali, hata kama hauumi. Msiutafutie kidonda cha kuwatuliza. Sisi tulifarijika kwa kuwa haukuuma, na faraja hiyo ndiyo iliyotuchelewesha.

Binti yangu ana uvimbe chini ya taya tangu jino lilipomsumbua. Jino limeng'olewa, maumivu yamekwisha, uvimbe upo. Leo ni siku ya kumi na tano tangu ling'olewe. Kesho saa mbili asubuhi tutakuwa kwa daktari.