Jina la Moraa Sikulitafsiri

Nina umri wa miaka arubaini na mmoja. Ni mwalimu wa shule ya msingi huku Manga, na somo langu ni Kiswahili. Nalitaja somo hilo mapema kwa sababu ndilo lililonivunjia nyumba. Mnacheka? Chekeni tu. Mimi kicheko kilinikauka zamani.

Nilimwoa Kerubo muda mfupi baada ya Uhuru. Hakuwa amesoma na alijua lugha yetu ya Ekegusii peke yake, lakini kazi ya pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, aliijua kuliko mimi nilivyoijua sarufi. Mdogo wake Moraa, msichana wa miaka kumi na sita, alikuja kukaa nasi ili amsaidie kuchuma. Wawili hao walikuwa wakiniiga ninavyotembea na chaki mfukoni, nami najifanya nimekasirika. Tulikuwa na furaha, jamani... Sikujua kama ile ndiyo iliyokuwa furaha yenyewe.

Sisi ni Wasabato. Ijumaa jua likizama, kazi zote huwa zimekwisha. Ijumaa moja mawingu yalijikusanya mapema. Kerubo akaja mlangoni kuniambia kwamba radi zinakaribia, na kwamba yeye na Moraa wanataka kuacha kuchuma. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Bila hata kuinua macho, nikamwambia wasirudi mpaka wamalize mistari iliyobaki, maua yasije yakaharibika shambani Sabato nzima.

Hayo tu! Maneno mepesi namna hiyo!

Radi ilimpiga Moraa akiwa hatua tatu tu kutoka kwa dada yake. Alikuwa amebakiza mstari mmoja.

Kwetu, boma lililopigwa na radi husemwa sana. Watu hutaka kujua nani alikosa nini. Mimi nilikuwa shemasi kanisani, mtu wa kusimama mbele za watu. Basi kwenye matanga nikatangaza kwamba wasichana walishtukizwa na mvua wakiwa njiani kurudi. Kerubo alinisikia nikisema hivyo, akanitazama, akainamisha kichwa. Alinifichia aibu yangu siku ya kumzika mdogo wake! Kuna mke wa namna hiyo tena?

Baada ya mazishi akaanza kubadilika. Wingu likitokea tu, mikono inamtetemeka, moyo unamwenda mbio, pumzi inampaa, anashika mlango akilia kwamba anakufa. Huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri... fikirieni mateso hayo! Kisha hofu ikaacha kungoja mvua. Ikamjia sokoni, ikamjia kisimani, ikamjia kanisani katikati ya wimbo. Mwishowe akawa hatoki nje kabisa. Pareto ikaota magugu.

Wengine walisema ana pepo. Wengine walisema anaringa kwa sababu ameolewa na mwalimu. Nami, Mungu anisamehe, siku nyingine nilimfokea ajikaze kama wanawake wenzake.

Mwalimu mkuu ndiye aliyenishauri nimpeleke hospitalini mjini Kisii. Huko kulikuwa na muuguzi mmoja kutoka Pwani, Sista Halima, aliyesomea kuwatibu watu wenye hofu na majonzi kwa kuzungumza nao. Nilishangaa. Kuzungumza nako ni dawa? Lakini Sista hakujua Ekegusii, na Kerubo hakujua Kiswahili. Nani atatafsiri? Si mwalimu wa Kiswahili yupo!

Sista akaniambia kwa upole, "Mwulize mama, hofu hii ilianza siku gani, na siku hiyo kulitokea nini."

Nikauliza. Kerubo akajibu kwa kirefu, machozi yakimtiririka. Akamtaja Moraa. Akataja Ijumaa ile, mawingu yale, mistari ile. Akasema, "Mume wangu alituambia tusirudi." Akasema kila akifumba macho anamwona mdogo wake akimtazama na kuuliza kwa nini hawakwenda nyumbani.

Sista akanigeukia. "Anasemaje?"

Wasomaji wenzangu, sikieni nilivyotafsiri. Nikasema, "Anasema kichwa kinamuuma, Sista. Na hapati usingizi."

Akapewa vidonge vya kichwa!

Tulirudi mara nne. Mara zote nne alimwaga moyo wake, na mara zote nne nikamwaga nje yale yote aliyoyasema na kubakiza kichwa. Sista alikuwa anakunja uso, anauliza mbona mama amesema mengi hivyo. Nikamjibu kwamba lugha yetu ni ndefu.

Siku ile ya nne, tukiwa njiani kwenda nyumbani, Kerubo akaniuliza, "Mwalimu, mbona sikusikia ukisema Moraa?"

Hakujua Kiswahili, lakini jina ni jina katika lugha zote! Alikuwa ameketi pale akilitegea sikio, akilingojea lipite kinywani mwangu. Nikamdanganya kwamba hospitalini hawaruhusu kutaja jina la marehemu. Akaniamini. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Uongo wangu ukaendelea kukua wenyewe. Kijiji kizima sasa kilijua kwamba mke wa mwalimu anaugua kichwa. Mama yangu akakata shauri: apelekwe kwa wale wataalamu wetu wanaopasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa ili maumivu yatoke. Wapo waliopona, na wapo waliozikwa. Mimi nilijua kichwa chake hakina lolote. Nilijua! Lakini nikikataa nitasema nini? Kwamba niliyoyasema hospitalini yalikuwa uongo? Nikakubali... Nilikubali mke wangu akwanguliwe fuvu kuliko mimi niseme neno moja la kweli.

Kerubo akasikia tukipanga. Asubuhi iliyofuata, yule mwanamke aliyekuwa hawezi kufika kisimani alitembea peke yake chini ya mawingu, akitetemeka, akikaa kando ya njia kila mara apumue, mpaka hospitalini. Alipofika akamshika mkono mama mmoja mfagiaji, mwenyeji wa Nyaramba aliyejua Ekegusii, amtafsirie. Yule mama hakuwa na Kiswahili cha shule. Alisema tu kila alichosikia.

Siku hiyo ndipo Sista Halima alipolisikia jina la Moraa. Na siku hiyo hiyo Kerubo akajua kwamba halikuwahi kufika.

Hakurudi nyumbani kwangu. Alikwenda Kenyenya kwa kaka yake.

Nikabaki peke yangu na magugu. Kisha ikaanza kwangu: ngurumo ikisikika nikiwa darasani, kifua kinabana, chaki inaniponyoka, watoto wananikodolea macho. Nilivumilia miezi sita. Mwishowe nikaenda kwa Sista yule yule, nikitarajia matusi. Hakunitukana. Alinivutia kiti, akaniambia nianze na Ijumaa ile. Ilinichukua siku tatu tofauti kufikia neno Moraa. Nilipolitamka nililia kama mtoto... Akanifundisha kupumua polepole, kusimulia siku ile toka mwanzo hadi mwisho bila kuruka, kusimama mlangoni wakati wa mawingu, kesho yake uani, kesho kutwa shambani. Hofu haikufutika. Ilipungua, nikaweza kuishi nayo. Na kila hatua niliwaza: dawa hii ningeweza kumpa mke wangu tangu siku ya kwanza.

Nilipopata nguvu nikaenda Kenyenya kumwomba arudi. Nilimkuta barazani akipukuchua mahindi. Ngurumo ikapiga. Mikono yake ikasimama kidogo, akavuta pumzi, akaendelea na mahindi yake. Alikuwa amenenepa. Alikuwa amependeza! Kaka yake akanikaribisha, nikapiga magoti, nikaungama yote kwa Ekegusii.

Kerubo akanijibu kwa Kiswahili. Alikuwa amejifunza kwa Sista na kwenye masomo ya watu wazima kanisani.

"Mwalimu, mimi nilikusamehea kitambo," akasema. "Lakini kwako sirudi. Pale hospitali watu wote walikuwa hawanisikii, na hiyo si makosa yao. Wewe peke yako ulikuwa unasikia."

Nikainuka, nikamuaga kaka yake, nikarudi Manga.

Enyi mlio na mke, mume au mtoto anayetetemeka bila homa, msimwambie ajikaze. Msikimbilie kisu. Mpelekeni kwa anayejua kusikiliza, na mkiambiwa mtafsiri, semeni kila alichosema, hata kama ni jina lenu analolitaja. Mimi sasa nimepona kiasi cha kuweza kuandika haya. Nakula peke yangu.