Kutu Chini ya Beseni

Kwanza ulisikika mlio mdogo, kama yai linavyogongwa ukingoni mwa sufuria. Shangazi alifumbua macho akaitazama saa ya ukutani. Saa kumi na dakika ishirini alfajiri, na joto la jana lilikuwa bado halijaondoka chumbani. Akasikia kandambili za mdogo wake, Fundi Saa, zikielekea stoo, kufuli likifunguliwa, kisha mshindo mkubwa na ukelele.

Alimkuta Fundi Saa ameketi sakafuni katikati ya vipande vya chupa, bia ikimtiririka magotini, mkono wa kulia ameubana kifuani. Shangazi aliwahi kuwa muuguzi miaka thelathini na minne. Alilifunga jeraha kwa taulo, na hakuuliza neno mpaka walipotoka zahanati saa mbili asubuhi. Daktari alikuwa amesema vidole viwili huenda visikunjike tena. Mtu asiyekunja vidole hawezi kushika skrubu ya saa. Hilo halikuhitaji kuelezwa.

"Ni Mshonaji," Fundi alisema mara tu walipofika nyumbani, mkwewe akiwa jikoni akikoroga maziwa ya mtoto. Mshonaji alikuwa mpangaji wao wa chumba cha uani. "Ufunguo wa pili wa stoo anao yeye. Tuligombana Jumapili. Ameongeza sukari kwenye chupa zangu ili zipasuke. Ahame leo hii, la sivyo nakwenda polisi."

"Miaka kumi na moja mnapika bia pamoja, leo amekuwa adui?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, Dada."

"Nipe mpaka jioni."

Shangazi alirudi stoo. Kabla ya kugusa chochote alizifunika chupa nzima kwa blanketi lililolowa, zisije zikamrukia. Zote zilikuwa ishirini na nne, saba zimepasuka. Juu bati liliwaka kama kikaango. Akavikagua vizibo kimoja kimoja. Kila kimoja kilikuwa na alama moja tu ya kubanwa, na mashine ya kuvibana ilikaa siku zote chini ya kitanda cha Fundi. Kwa hiyo hakuna chupa iliyofunguliwa ikafungwa tena. Sukari ya nani ingepita wapi?

Saa tano alimkuta Mshonaji, aliyekwisha kusikia maneno ya Fundi, akikunja vitambaa, cherehani imeshafungwa kamba.

"Mligombania nini?"

"Niliionja bia kabla hajaitia chupani. Nikamwambia, Fundi, hii bado tamu, subiri. Akaniambia nishike sindano zangu, hesabu niwaachie wenye akili."

"Ukakasirika."

"Nilinuna, Dada. Mtu akinuna hulipua wenzake? Basi mke wangu angekuwa ameshanimaliza zamani." Alicheka peke yake, kisha akainama. "Mkono wake vipi? Nimemshonea hii bendeji ya kuuninginizia shingoni. Usiseme imetoka kwangu, hataivaa."

Shangazi aliipokea. Ilikuwa ya pamba laini, pindo limeshonwa mara mbili ili lisimkwaruze shingo.

Alasiri alifungua daftari la Fundi. Kila siku alikuwa ameandika namba ya kile kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya bia kuonyesha utamu uliobaki. Jumamosi, ishirini. Jumapili, ishirini. Jumatatu, ishirini. Jumatatu hiyohiyo akatia sukari kidogo kama kawaida ili itoe gesi, akajaza chupa, akazipeleka stoo.

"Siku tatu kipimo hakikusogea," Fundi alisema kutoka kitandani. "Kanuni ni hiyo. Ikituama, imeiva."

Lakini mapishi yote ya nyuma yalituama kwenye kumi. Bia hii ilisimamishwa na nini njiani? Shangazi akalichukua beseni ambamo ndoo ya bia ilikaa siku zote kumi ikipozwa. Fundi alikuwa akiweka humo chupa mbili za plastiki zenye barafu, asubuhi na jioni. Akayamwaga maji, akaligeuzia kwenye mwanga. Chini kulikuwa na pete nne za kutu, kila moja upana wa kiganja.

Plastiki haishiki kutu.

Saa kumi na moja jioni aliwaita wote sebuleni. Mshonaji alisimama mlangoni. Mkwe, mke wa mtoto wa Fundi aliyekuwa safarini kikazi, alikaa na mtoto begani. Shangazi aliweka mezani kopo tupu la maziwa ya mtoto, kitako juu. Lilikuwa na kutu, pete ileile.

Mkwe aliliona, akaanza kulia kabla hajaulizwa.

"Nilikuwa nagandisha maji kwenye makopo," alisema. "Naweka mchana, Baba akiwa kazini. Nilimwona anavyohangaika na hili joto. Miaka miwili ananisemesha kupitia mtoto, 'mwambie mama yako chai imepoa.' Nikasema bia ikitoka nzuri, nitamwambia na mimi nilisaidia."

"Na asubuhi, mwenzio aliposingiziwa?"

"Niliogopa, Shangazi. Mume wangu hayupo. Ningekwenda wapi?"

Shangazi alimgeukia mdogo wake. "Baridi ilizidi, hamira ikalala na utamu haujaisha. Ukaifungia chupani, ukaiweka chini ya bati. Ikaamka."

"Lakini kipimo kilisimama," Fundi alinong'ona.

"Hata saa mbovu husimama, mdogo wangu. Wewe ndiye wa kuambiwa hilo?"

Kwa mara ya kwanza, Fundi alimtazama mkwewe usoni. "Barafu uliitia kwa wema, mwanangu. Kukaa kimya ndiko kulikokuwa kubaya. Na mimi niliambiwa bado tamu, nikakataa hata kuonja."

Nje mkokoteni ulikuwa umefika. Mshonaji alikuwa ameshakubali chumba karibu na soko, na neno lake halirudi nyuma. Walimsaidia kupakia, Fundi akibeba kwa mkono mmoja mkoba wa mikasi. Maji yaliyomwagika hayazoleki.

Langoni Fundi aligusa kitambaa cha bendeji shingoni mwake.

"Huu mshono naujua," alisema.

Mshonaji alikaza kamba ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

"Jumapili uje," Fundi akasema. "Bia hakuna. Uje hivyohivyo."