Kondoo Kwanza, Ndege Baadaye

Kila asubuhi Durita aliamka, akatazama bahari dirishani, akakasirika. Ukungu ukiwapo, mashua haiendi kisiwa cha ndege. Usipokuwapo, siku ni njema, na kijijini kwetu hapa Visiwa vya Faroe siku njema ni ya kukata nyasi au ya kondoo. Siku ya ndege ingetoka wapi?

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Tangu shule zifungwe, yeye na rafiki yake Rannvá walikuwa wakipanga safari ya kwenda kuwapiga picha lundi, ndege wa baharini wenye midomo mipana myekundu na sura ya mtu aliyekosewa heshima. Picha zilitakiwa kwenye maonyesho ya shule, na kabla ya mwezi wa Agosti kwisha lundi wote huwa wameondoka. Safari ilikwisha kuahirishwa mara tatu.

Jumanne kulipambazuka kweupe. Durita alishuka ngazi na begi mgongoni.

"Mjomba, leo tunakwenda!"

Mjomba Tummas, mwenye mashua na msimamizi wa kondoo wa kijiji, alikuwa mezani akikata nyama kavu. "Leo tunakusanya kondoo. Ndege kesho."

"Kesho, kesho! Hao kondoo wana nini?"

"Wana manyoya ya kukatwa," alijibu mama yake, Billa. "Na wewe una miguu. Vaa viatu."

Kijiji kizima kilipanda mlimani, kikajipanga mstari mmoja kuwashusha kondoo zizini. Mwanya mmoja tu unatosha kuharibu kazi ya wote. Wasichana wawili waliachiwa upande wa korongo wagawane wenyewe. Durita akachukua korongo, Rannvá akasimama penye mwamba juu yake.

Kutoka pale kisiwa kilionekana wazi. Durita akatoa kamera, akasogea ukingoni kidogo, achague tu pa kupigia picha siku ya safari. Akasogea tena.

Alipogeuka, kondoo walikuwa wakimiminika korongoni, wanarudi juu. Mbwa walibweka, watu walipiga kelele, wapi! Kazi ya asubuhi nzima ikapotea bure.

"Nani alikuwa korongoni?" Mjomba alifoka.

Durita alijikuta akisema, "Rannvá."

"Mimi? Mwongo we!"

"Basi!" Mjomba alikuwa hoi. "Asiyesimama mahali pake hapandi mashua yangu. Rannvá, kisiwani huendi. Na kesho sote tunarudi huku, safari ya ndege ingoje."

Mchana kutwa watu walimtania Rannvá: "Binti, ulikuwa unachunga kondoo au mawingu?" Jioni aliingia kwa kina Durita bila kupiga hodi, kama ilivyo kwetu. Lakini mara hii hakuketi. Aliweka mezani darubini waliyopanga kuitumia kisiwani, akatoka.

Durita alishindwa kula.

"Mjomba," alisema hatimaye, "korongoni nilikuwa mimi. Niliondoka kupiga picha."

Mjomba aliweka kisu chini, akavuta pumzi ndefu. "Mtoto huyu atanizeesha! Kondoo wamenichosha asubuhi, wewe unanimalizia jioni. Umemchafua mwenzako mbele ya watu. Kesho utamsafisha mbele ya watu hao hao."

Kesho yake, kabla hawajapanda, Durita alisema yote. Hakuna aliyecheka. Alisimama korongoni hadi kondoo wa mwisho akaingia zizini, na manyoya yakakatwa mapema. Bahari bado ilikuwa shwari.

"Rannvá, twende kisiwani," aliita Mjomba. "Durita atabaki afunge manyoya kwenye magunia."

Rannvá alipanda mashua na kamera aliyopewa na Durita, akaigeuzageuza, kisha akapumua kwa hasira.

"Bado nimekukasirikia, Durita. Tena sana! Lakini kidude hiki sikiwezi. Panda."

Durita alimtazama mjomba wake. Mjomba akaitikia kwa kichwa, akamsogezea mahali.

"Panda. Magunia yatakungoja," alisema akiwasha injini. "Ila sikilizeni nyote wawili. Kondoo akitoroka tunarudi mlimani tunamkamata. Uongo ukitoroka, utampata nani wa kusimama korongoni auzuie? Tumempata Rannvá leo kwa sababu wewe, Durita, ulisema kweli jana. Ungengoja wiki moja, ungekuwa na picha za ndege bila rafiki wa kukushikia darubini."