Kiti cha Mtoto wa Tatu

"Umefika wapi na mstari wa nyuma?"

Mama Pacha aliibana simu kati ya sikio na bega, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Umepiga kuniulizia viti au kuniulizia mimi?"

Mumewe akacheka huko aliko. "Wewe kwanza, viti baadaye. Umeamkaje, mke wangu?"

"Haya, jikumbushe sasa hivi! Nimeamka salama. Nimebakiza upindo tu, keshokutwa nitamaliza."

"Na kile kiti kidogo, chenye mkanda wa mtoto?"

Mguu ukasimama.

"Nilidhani unatania. Pacha wetu wana miaka tisa, kiti cha mtoto mdogo cha nini?"

Mumewe akashusha sauti. "Nani ajuaye, mama? Labda tutajaliwa mwingine."

Mama Pacha alijikuta anatabasamu peke yake kama msichana. Siku hiyo hiyo alikata kitambaa cha kiti kidogo, kile cha kahawia alichokichagua mwenyewe, akakijaza sponji mara mbili ili mtoto asiumie gari likipita kwenye mashimo.

Walikuwa wameoana miaka kumi na mmoja. Mume alikuwa msimamizi wa ujenzi wa barabara: wiki mbili kambini, wiki moja nyumbani. Mke alikuwa mshonaji, na viti vya magari ndiyo kazi iliyomjengea jina. Mwaka uliopita mume alirudi nyumbani akiburuta mkweche nyuma ya lori. Lilikuwa gari refu la zamani, lile la kusukuma kwa magurudumu yote manne, lenye safu tatu za viti na kutu mpaka kwenye kope. Walipofungua buti walimkuta kuku ametamia. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini.

"Baba Pacha, umenunua gari au banda?"

"Chekeni tu," aliwajibu. "Magari ya siku hizi ni makopo. Hili likitengenezwa, wanangu hawatatembea tena kwenye tope wamebeba viatu mkononi."

Hapo ndipo alipomshika mkewe. Kila mvua zikianza, njia ya shule ilikuwa uji mtupu, na hakuna kilichomuuma mama yule kama kuwaona wanawe wakirudi na magamba ya tope mpaka magotini. Akalipenda lile gari kabla halijawaka.

Fundi hakutafutwa mbali. Alikuwa Nati, mdogo wake Mama Pacha, aliyepewa jina hilo gerejini kwa ufupi na ukaidi wake. Wazazi wao walipofariki, Nati alikuwa na miaka kumi na miwili, na dada yake ndiye aliyemlea, akamsomesha ufundi, akamtafutia na kiwanja cha gereji.

Kila mume alipokuja likizo, wote watatu walishinda pale gerejini. Nati alichomelea sakafu iliyooza, akashusha injini, akabadili breki zote nne. Mume na mke walipewa kazi ya msasa, kusugua kutu. Kuna siku mume aliushika mkono wa mkewe juu ya msasa, wakasugua pamoja, mkono juu ya mkono, vumbi jekundu likiwajaa nywele.

"Tumezeeka," mke alisema.

"Tunafanana na gari letu," mume akajibu.

Mke aliyaweka maneno hayo moyoni kama mtu anayehifadhi cheti.

Kitu kimoja tu kilimkera: kazi haikuisha. Kila alipompigia mdogo wake, jibu lilikuwa lile lile.

"Dada, giaboksi inasumbua."

"Wewe Nati, gari moja mwaka na zaidi! Unalitengeneza au unalinyonyesha?"

"Vumilia, dada. Sitaki likuangushe njiani."

Alhamisi asubuhi, baada ya kuwapeleka pacha shuleni, Mama Pacha alifungasha viti vyake akaenda gerejini bila kupiga simu. Alitaka amkute Nati kazini, amkazanie.

Nati hakuwepo. Gari lilisimama katikati ya uwanja, limepigwa rangi ya kijani, linang'aa kuliko alivyowahi kuliona. Kwenye kiti cha mbele alikaa mwanamke wa makamo yake, nadhifu, na mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi akiuchezea usukani.

"Karibu, dada," mwanamke alisema, akishuka haraka. "Unamtafuta fundi? Ameenda kufuata bomba la rejeta, anarudi sasa hivi." Kisha akaliona furushi. "Aa! Wewe ndiye fundi wa viti!"

"Ndiye."

"Mume wangu amekusifu mpaka nikaona wivu! Anasema hakuna mkono kama wako."

"Mume wako... nani?"

"Si huyu mwenye gari."

Mama Pacha aliliweka furushi chini polepole. Alimtazama yule mtoto. Lile paji la uso alikuwa amelipangusa kwa kitambaa cha maji asubuhi hiyo hiyo, mara mbili, kwa watoto wawili.

Angeweza kupiga kelele. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini kitu fulani kilimwambia: tulia, uliza kama fundi.

"Ni vizuri nimekukuta," alisema. "Hivi vipimo vinanichanganya. Gari litabeba watu wangapi?"

"Sisi watatu. Mimi, Baba Kibibi, na huyu Kibibi mwenyewe. Tunaishi kule karibu na kambi, mimi nafundisha chekechea. Leo nimekuja kulitazama tu, Jumamosi ndipo tunakuja kulichukua." Akasita, kisha akaongeza kwa upole, "Halafu kuna watoto wake wawili wakubwa, pacha. Wako kwa bibi yao. Maskini, mama yao aliwatelekeza akaenda zake. Nimemwambia gari likiwa tayari awalete kwangu. Nitawalea. Watoto hawana kosa."

Mama Pacha alishika mlango wa gari.

Wakati huo huo Nati akaingia langoni na bomba jipya begani, akipiga mluzi. Mtoto akaruka kutoka garini, akamkimbilia na kumkumbatia miguu.

"Anko Nati! Pipi yangu iko wapi?"

Mluzi ukakatika. Nati aliinua macho, akamwona dada yake, na bomba likamtoka mkononi.

"Dada..."

"Kumbe mnafahamiana!" mwanamke akasema, akitazama huku na huku.

"Huyu ni mdogo wangu," Mama Pacha alijibu bila kuondoa macho kwa Nati. "Tumenyonya ziwa moja. Na mimi ndiye niliyewatelekeza hao pacha. Leo asubuhi nimewatelekeza shuleni, kila mmoja na chakula chake mfukoni."

Akatoa simu, akaonyesha picha: yeye, mumewe na pacha, mbele ya gari hili hili, nyuso zote nyekundu kwa vumbi la kutu.

"Hapana," mwanamke alisema. "Hapana, dada yangu, utakuwa umemfananisha."

"Basi tumuulize mwenyewe."

Akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Hallo, mke wangu!"

Mama Kibibi akaziba mdomo kwa kiganja.

"Uko wapi, Baba Pacha?"

"Kambini, juani. Tunamwaga lami hapa."

"Gari litakuwa tayari lini?"

"Aah, si unamjua ndugu yako? Giaboksi bado. Vumilia mwezi mmoja hivi."

Mama Kibibi akaisogelea simu. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini maneno yalitoka makavu.

"Mbona mimi umeniambia Jumamosi, Baba Kibibi?"

Ilisikika mashine ikinguruma, na mtu mmoja kwa mbali akiita apelekewe koleo.

"Hallo? Hallo? Mtandao unakata..."

Akakata yeye. Mtandao ulikuwa safi kama maji ya kisima.

Mama Kibibi alikaa juu ya tairi, akalia bila sauti, mwanawe akimfuta kwa pindo la gauni. Alipoweza kusema, alisema, "Sikujua. Naapa kwa huyu mtoto, dada, sikujua."

"Najua hukujua. Anayejua haongei kwa amani kama ulivyoongea na mimi."

Mwanamke yule alimbeba mwanawe akaondoka, na gari hakuligeukia hata mara moja.

Wakabaki wawili.

"Tangu lini?" Mama Pacha aliuliza.

"Dada, kaa kwanza."

"Tangu lini, Nati?"

"Tangu mwezi wa tatu baada ya kuanza kazi. Shemeji alikuja naye kuchagua rangi. Nilimkunja shati, dada. Nilitaka kumpiga na jeki. Akalia. Akasema anamalizana naye, nimpe muda, nikikwambia nitakuwa nimekuvunjia nyumba mimi, si yeye."

"Na wewe ukakubali."

"Niliogopa."

"Kila Jumapili unakula mezani kwangu. Unanitazama nakata kitambaa cha kiti cha mtoto, unaniambia, 'dada, umekipendezesha.' Ulikuwa unajua ni cha nani?"

Nati aliinama akaliokota lile bomba. Kisha akasema kwa shida, "Gari liko tayari tangu miezi mitano iliyopita. Giaboksi haina kitu. Nimeifungua na kuifunga mara tatu bure. Nilidhani nikichelewesha, atamwacha kabla hujajua. Nilikuwa nakununulia siku, dada."

"Siku zangu hizo!" Hapo ndipo alipopandisha sauti kwa mara ya kwanza, na mafundi wa jirani wakaacha kugonga. "Nani alikuambia uzichukue? Mume amenidanganya, sawa, yeye nilikutana naye ukubwani. Wewe nimekuogesha! Wewe nimekupeleka hospitali mgongoni! Nyumba haikuvunjwa na ukweli, Nati. Ilishavunjika, ninyi wawili mkaniacha nifagie humo ndani kama mjinga!"

Akachukua furushi lake. Nati akajaribu kumsaidia kulibeba.

"Usiniguse."

Baba Pacha alifika nyumbani siku ya pili mchana, pacha wakiwa shuleni. Alimkuta mkewe amekaa sebuleni, mikono mapajani, cherehani imefunikwa.

"Mke wangu, nipe nafasi nieleze."

"Eleza."

Alieleza. Upweke wa kambi, shetani, mimba iliyokuja bila mpango. Aliongea mpaka maneno yakamwishia, akaanza tena mwanzo.

"Nilitaka wote muwe salama," alisema. "Ndiyo maana nikanunua gari la safu tatu. Likiwa huku mngelipanda ninyi, likiwa kule..."

"Wangelipanda wao. Na kiti cha mtoto nikishone mimi."

Akainamisha kichwa.

"Nina swali moja," mke alisema. "Kuzaa nje, nimesikia. Kudanganya, nimesikia. Lakini kwa nini ulisema nimewatelekeza wanangu? Ulikosa uongo mwingine? Ungesema nimekufa, ningekuelewa zaidi. Wewe uliniona usiku na mchana na watoto hawa. Ulijua ndicho kitu pekee nisichoweza kufanya, ukakichukua hicho hicho ukanivika."

Mume alijifuta uso kwa kiganja.

"Sijui," alisema mwishowe. "Lilinitoka tu, halafu likakaa."

"Nami nimekutoka. Chukua nguo zako. Gari litabaki na watoto, maana uliwaahidi wao kabla ya mtu mwingine. Wanao utawaona kwa mama yako, sitakuzuia."

"Miaka kumi na mmoja, Mama Pacha!"

"Ungeikumbuka kule."

Akaondoka na begi moja. Mama Pacha alisubiri mlio wa pikipiki iliyompakia upotee, ndipo akaingia chumbani akalia kwenye mto mpaka ukalowa pande zote mbili. Saa tisa alinawa uso akaenda kuwachukua watoto.

Wiki mbili baadaye ilimfikia meseji kutoka namba asiyoijua: "Dada, ni mimi wa chekechea. Nimemfungia mlango na mimi. Kibibi anamuulizia Anko Nati, sijui nimwambie nini. Nisamehe kwa siku ile."

Aliitazama sana. Akaandika: "Hukunikosea. Wanetu ni ndugu, siku moja wataulizana. Tusiwafiche."

Alijifunza kuendesha kwa mwalimu wa kulipia, si kwa mdogo wake. Mvua zilipoanza, aliingiza gia ya magurudumu yote, akalivusha lile gari kwenye uji wa njia ya shule huku magari madogo yakilala pembeni kama mbuzi wagonjwa. Pacha walishangilia kwenye viti vya nyuma. Halikumwangusha hata siku moja. Kazi ya Nati ilikuwa kazi kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi: mkono ule uliofunga kila nati kwa uaminifu ulikuwa wa mtu yule yule.

Nati hakuacha kuja. Kila Jumapili asubuhi alisimama getini na boksi la vifaa.

"Shikamoo, dada."

Mama Pacha hakuitikia. Nati alipima oili, akatazama breki, akafunga boneti, akaondoka bila kukaribishwa hata maji. Jumapili ya kwanza, ya tano, ya kumi na mbili. Pacha walimuuliza mama yao kwa nini anko haingii ndani. Aliwaambia anko ana haraka.

Jumapili ya kumi na tano ilinyesha tangu alfajiri. Nati alikuja hivyo hivyo, akalala chini ya gari kwenye maji, akakaza kitu huko chini, akatoka shati limemganda mgongoni.

"Shikamoo, dada. Nimemaliza."

Mama Pacha alikuwa barazani. Hakusogea.

"Siku nyingine ukijua jambo linalonihusu?"

Nati alishtuka, maana miezi ilikuwa imepita hajaisikia sauti ile ikimwelekea yeye.

"Nitakwambia siku hiyo hiyo."

"Hata kama nitaanguka?"

"Hata kama utaanguka. Nitakuwepo nikuinue."

"Bado nina hasira na wewe, Nati. Sijui itaisha lini. Usidhani imeisha."

"Najua, dada."

Akamtazama: mfupi, mkaidi, maji yakimchuruzika puani kama alipokuwa na miaka kumi na miwili na hakuwa na mtu mwingine duniani.

"Marahaba," alisema. "Vua viatu, uingie. Usinichafulie sakafu."