Gari Lililojifungulia Kioo

Mwezi wa saba, baridi ya Sumbawanga haina mzaha. Asubuhi hiyo, mtaani Malangali, Teodori alitoka nje amevaa makoti mawili. Aliwasha gari lake. Akabonyeza kitufe cha kufunga milango. Milango ikajifunga, lakini kioo cha kushoto kikashuka chenyewe.

Akakipandisha, kikapanda. Akawasha hita. Feni ikavuma kidogo, ikazima. Kioo kikashuka tena.

"Mama Abeli," alimwita mkewe, Cornelia. "Njoo uone. Limeanza tena."

Cornelia alitoka na kikombe cha uji. "Umebonyeza nini?"

"Nimefunga milango tu."

"Sasa kufunga milango na kushuka kioo vinahusiana nini?"

"Hilo ndilo nisilolijua."

Wangecheka, lakini siku ya Alhamisi Teodori alitakiwa kumchukua mama yake, Bibi Rosina, kutoka Msanzi na kumleta kliniki ya kifua. Dawa zake zilikuwa zimekwisha. Safari iliyopita kioo kilishuka njiani, kikagoma kupanda. Bibi alipigwa na upepo hadi mjini, akakohoa wiki nzima. Baada ya hapo alisema, "Gari hilo sipandi tena. Kama ni kufa, nitafia kwangu."

Maneno hayo yalimuuma sana Teodori. Alikuwa amelipeleka gari kwa jirani yake, fundi Kasmir. Kasmir alibadilisha swichi ya kioo. Halafu akabadilisha mota. Sasa alitaka kubadilisha hita.

"Amebadilisha kila kitu," alisema Cornelia. "Bado dereva."

Jumanne walikwenda wote wawili kwa Jane, dada anayetengeneza umeme wa magari.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Gari letu limechanganyikiwa, na sisi limetuchanganya."

Jane hakushika bisibisi. Alishika daftari. "Lilianza lini?"

"Kama wiki tatu."

"Kabla ya hapo liligongwa? Liliingia maji?"

"Maji ya wapi, kiangazi hiki?"

"Linasumbua zaidi saa ngapi?"

"Asubuhi. Jua likiwaka linatulia."

Jane akaandika yote. Akapima betri kwa mita. Nzima. Akapima fyuzi. Nzima.

Teodori akakuna kichwa. "Kila kitu kizima, mbona gari linaumwa?"

Jane alichomeka mashine ndogo chini ya usukani. Maandishi yakatokea. "Inasema boksi la mlango wa kushoto halijibu. Na boksi la hita halijibu."

"Basi yamekufa yote mawili," alisema Teodori kwa huzuni.

"Hapana, baba. Mashine inasema nani hajibu. Haisemi kwa nini." Jane alikaa kwenye tairi. "Magari ya zamani, swichi ilipeleka umeme moja kwa moja kwenye mota. Hili lako, swichi inapeleka ujumbe. Milango, vioo na hita, kila kimoja kina boksi lake dogo. Maboksi yanaongea kupitia nyaya mbili. Jumuiya yenu mnapelekeanaje taarifa?"

"Mwenyekiti anaandika karatasi," alisema Cornelia. "Inapita nyumba kwa nyumba."

"Karatasi ikilowa njiani?"

"Ah, hapo kila mtu atasoma anavyojua. Mwingine hatasoma kabisa."

"Ndivyo lilivyo gari lenu. Wasomaji ni wazima. Karatasi imelowa. Vifaa viwili vikigoma kwa pamoja, usikimbilie kununua vipya. Tafuta mahali nyaya zake zinapokutana."

Nyaya hizo zilikutana upande wa kushoto, chini ya kapeti, karibu na miguu ya abiria. Jane alifungua ukingo wa kapeti, akalivuta juu. Kisha akasema, "Baba, huku chini mmelima?"

Teodori aliinama. Chini ya kapeti palikuwa na unyevu. Palikuwa na vijimea vyembamba, vyeupe kwa kukosa jua, vimesimama wima. Katikati yake kulikuwa na kiungo cha nyaya kilichoota kutu ya kijani.

Teodori hakuelewa kitu. Cornelia alielewa mara moja, akajishika mdomo. "Ni ulezi wangu," alisema. "Kimea."

Kila mwezi Cornelia aliloweka ulezi ili uote, apate kimea cha pombe. Lakini baridi ya mjini hukausha taratibu, kimea huvunda. Kwa hiyo aliubeba ukiwa mbichi hadi Ilemba, kwa dada yake, kule bondeni kwenye joto, akauanike. Buti likijaa mahindi, gunia la kimea lilikaa mbele, miguuni pake, likichuruzika maji njia nzima.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Jane, akitabasamu.

Cornelia aliona aibu. "Mama amekohoa kwa sababu yangu."

"Tulikuwa wote garini," alisema Teodori. "Hata mimi niliona maji yanachuruzika."

Jane alichomoa betri kwanza, ndipo akagusa nyaya. Alikata sehemu zilizooza, akaunga nyaya mpya kwa risasi ya kulehemu. Akazisokota mbili pamoja kama zilivyokuwa mwanzo, kwa sababu zikiachana ujumbe huingiliwa. Akazifunika vizuri. Kapeti lilikaa juani siku nzima. Kisha akarudisha betri, akafuta kumbukumbu za hitilafu na kupima upya. Maboksi yote yakajibu.

"Kimea mnaweza kubeba," alisema. "Ila kikae kwenye beseni, na beseni likae nyuma."

Alhamisi alfajiri walifika Msanzi. Bibi Rosina alisimama mlangoni, amejifunga blanketi.

"Nimesema sipandi."

"Kaa tu kidogo, mama," alisema Cornelia. "Kioo kikishuka, ushuke nacho."

Bibi alipanda kwa shingo upande. Milango ikafungwa. Alikikazia kioo macho. Hakikushuka. Hita ikavuma, haikuzima. Gari likaondoka. Walipokaribia mjini, blanketi lilikuwa mapajani.

"Teodori," aliita bibi.

Teodori alikitazama kioo haraka. "Naam, mama?"

"Nishushie kioo kidogo. Nasikia joto."

Teodori alibonyeza kitufe. Kioo kikashuka kidogo, kikasimama pale pale alipotaka bibi.